Kijiji Tulichokitandika Uwanjani

Nilimwahidi mama mkubwa kwamba katika kijiji chake hapatakuwa na mlango utakaosalimiwa ukanyamaza. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa mpira wa mtaa wetu, hapa Bunia, simu mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu, na ahadi ilinitoka kwa wepesi, kama zinavyowatoka vijana wanaoona kazi yao inakaribia kwisha. Yeye alikuwa ameketi juu ya bidoni yake, dumu la maji la njano alilolilaza ubavu. Alinitazama, kisha akauliza jambo moja.

"Ata mulango ya mwenzangu wa kisima?"

"Ata ule, mama mukubwa."

"Haya. Umesema weye. Miye sikukuomba."

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, aliyemtangulia kuzaliwa. Alikulia, akaolewa na kuzeeka juu ya kilima kimoja cha Djugu, na siku vita vilipomkimbiza hakubeba kitu ila mjukuu wake mgongoni. Alikaa kwanza kambini, chini ya turubai, pamoja na wengine waliohama. Baadaye mama yangu alimleta kwenye kiwanja chetu, parseli yetu ya Nyakasanza. Huyo aliyemwita mwenzake wa kisima alikuwa jirani yake wa kilimani. Walichota maji pamoja tangu walipokuwa maharusi, na walikimbia pamoja mpaka njia panda. Hapo mwenzake alishika njia ya ziwani, kwa binti yake, na mama mkubwa akashika njia ya Bunia. Tangu saa ile hakuna mtu aliyemletea habari yake, iwe njema au mbaya.

Ili ahadi yangu ieleweke, sina budi kueleza kazi tuliyokuwa tukiifanya siku zile. Nasema "siku zile" kama mzee, ingawa haijapita miaka mingi. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya informatiki, yaani ya kompyuta, na pamoja na rafiki yangu wa chuo tulikodi chumba kimoja nyuma ya duka la kuchaji simu. Tulikichagua kwa sababu ya jenereta ya jirani: ilipolia, nasi tulikuwa na umeme. Rafiki yangu huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, msichana mwenye sikio lisilosamehe. Yeye alishika kazi ya sauti, mimi nikashika ile ya kuandika programu. Pikipiki zilipita dirishani bila kukoma, kwa hiyo kila mtu aliyekuja kurekodiwa alifunikwa blanketi zito ambalo rafiki yangu alikuwa amelichukua kwa mama yake. Mtu alifunikwa pamoja na simu, akaongea humo gizani mpaka jasho likamtoka. Wengine walitoka wakicheka, wengine walitoka wakipangusa macho. Hata leo, nikisikia harufu ya blanketi lililoanikwa juani, moyo wangu huwa umesharudi katika chumba kile kabla mimi mwenyewe sijatambua.

Tulitengeneza michezo ya kutembea. Simu hujua, kwa msaada wa setilaiti, mahali mchezaji aliposimama. Akifika palipopangwa inamfungulia kitendawili, picha au sauti, kisha inamwonyesha upande wa kwenda kutafuta kingine. Lakini mchezo wenyewe haukuwa shabaha yangu. Shabaha yangu ilikuwa chombo cha kuundia michezo hiyo: ukurasa mwepesi ambao mtu asiyejua programu angeweza kuufungua katika simu yake, akasimama mahali anapopapenda, akabonyeza "Weka kituo", akasema maneno yake, na kuendelea mpaka kituo kingine. Niliamini, na bado naamini, kwamba kila mahali pana mwandishi wake, naye ni yule aliyeishi pale.

Kwa ajili ya imani hiyo nilikipa chombo changu sheria mbili ngumu. Ya kwanza: huwezi kuweka kituo bila kusimama pale penyewe, ili mtu asije akaketi kivulini na kuubuni mtaa wa wenzake. Ya pili: kituo kisicho na sauti ya binadamu hakifunguki, na kisipofunguka, njia inayokifuata nayo inabaki imefungwa. Nilijivunia sheria hizo kama mzazi anavyojivunia watoto wenye adabu.

Bunia ilianza kuzicheka mapema. Sisi wa hapa huelekezana kwa vitu ambavyo havipo tena. Tunasema "kata pale kwa pompe", na pompe yenyewe ya mafuta ya gari ilikwisha kung'olewa, pamekuwa duka la magodoro. Tunasema "ukifika kwa muti mukubwa", na mti ulikwisha kuwa kuni. Waandishi wetu wa kwanza walifanya vivyo hivyo bila hila yoyote: walisimama mbele ya duka la magodoro, wakamwagiza mchezaji atafute pompe. Wanafunzi waliotoka Mahagi na Marabo walizunguka na simu zao mpaka wakaanza kugombana nazo, huku wazaliwa wa mtaa wakifika moja kwa moja bila kuinua macho. Rafiki yangu alitaka tuwasahihishe. Mimi nilisema tuwaache, kwa kuwa pompe ile ilikuwa bado inawaongoza watu, na chombo chetu hakikuwa na mamlaka ya kuikanusha.

Mchezaji wetu hodari kuliko wote alikuwa mjukuu wa mama mkubwa, yule aliyefika Bunia mgongoni. Siku zile alikuwa katika shule ya msingi, mwepesi wa miguu na wa ulimi, na kila nilichojenga alikivunja ndani ya jioni moja. Hakukumbuka chochote cha kilimani. Alasiri moja aliingia uani, mama mkubwa akichambua maharagwe, akamwonyesha koko, yaani bibi yake, ramani ya mtaa ikiwaka vituo.

"Koko, na kwetu iko mu telefone?"

"Uliza kaka yako. Yeye njo fundi."

Nilieleza kwamba haimo. Telefone, nilisema, inataka mtu asimame kwanza pale anapopaandika.

"Asimame pale?" Mama mkubwa alipepeta maharagwe, maganda yakaruka. "Basi hii telefone haijasikia habari ya Djugu."

"Haijasikia, mama mukubwa."

"Iko mujinga sawa mwenye aliitengeneza."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini neno lile lilinikaa kifuani. Nilikuwa nimeweka sheria ya kulinda ukweli, na sheria hiyo ilikuwa inawafungia nje watu wenye mambo mengi zaidi ya kusema. Katika mji wetu, uliojaa waliohama, nilikuwa nimetengeneza kalamu inayoandika tu katika mkono wa mtu ambaye hakuhamishwa na kitu.

Kuiondoa sheria ile kungekuwa kazi ya mchana mmoja. Mama mkubwa angegusa kilima chake kwenye ramani, basi. Lakini sikutaka njia, kisima na nyumba za kilima ambacho hakijapata amani ziwekwe, mahali pake halisi, ndani ya simu inayoweza kushikwa na yeyote. Wala sikutaka mchezo utakaomwambia mtoto: nenda kule kwa miguu, utapata zawadi. Tulikaa na jambo hilo siku nyingi. Rafiki yangu ndiye aliyelifungua, akiwa anakunja blanketi lake.

"Kama yeye hawezi kufika kilimani," alisema, "kilima kije kwake. Uwanja uko pale."

Nilikibadili chombo. Badala ya kuhifadhi mahali pa dunia, kikaanza kuhifadhi umbali na upande tu, kuanzia mlango mmoja, yaani mlango wa mama mkubwa. Kijiji hakikuwa na anwani tena. Mtu angeweza kukitandika kama mkeka juu ya uwanja wowote wenye nafasi, akachagua pa kuuweka mlango ule wa kwanza, na vingine vyote vingejipanga kuufuata.

Tulianza jioni moja baada ya mvua, ardhi ikiwa nyekundu na laini. Mama mkubwa alichagua mlango wake karibu na pembe ya uwanja, akafunga leso vizuri, akatembea. Kila aliposimama na kusema "hapa", nilibonyeza. Tulipomaliza nilimwonyesha mchoro, naye akakunja uso. Kanisa lilikuwa limeangukia jikoni kwa jirani yake, fundi wa mbao, na kisima kilikuwa karibu kuingia kanisani.

"Hapana. Kijiji yetu haikukuwa fupi hivi."

"Lakini ni weye umetembea, mama mukubwa."

"Nimetembea na mikono wazi. Mikono wazi haijue njia. Njia ile siku zote nilipita na mayi." Akamgeukia mjukuu. "Nenda uniletee bidoni. Na uijaze, si ya kudanganya."

Kuanzia hapo kijiji kilikaa sawa. Bidoni ikiwa kichwani, hatua zake zilitulia, zikawa nyingi zaidi, na kuhesabika kwa mwili, si kwa akili. Uwanja wetu ni tambarare, lakini niliuona mgongo wake ukirudi nyuma pale palipokuwa na mteremko, na mahali pamoja alikwepa kitu kwa bega. Nilimuuliza ni nini. Tawi la mti, alisema, lililokuwa likimwagia watu maji. Nilikumbuka likizo zangu za utotoni, nilipopelekwa kule kula mahindi mabichi ya kuchoma na kurudi nimenenepa, na ghafla nikalikumbuka tawi lile nami, na maji yake baridi yakiingia shingoni. Nililia kidogo. Mama mkubwa hakuniona, au alijifanya haoni, kwa sababu alikuwa ameingia katika vita vingine.

Vijana wa mpira walikuwa wamefika. Yeye alikuwa amesimama katikati ya miti miwili ya goli.

"Koko, weye njo gardien leo?"

"Hapa si goli. Hapa ni kwa fundi ya mbao. Mutoke mu nyumba ya batu!"

"Fundi mwenyewe iko wapi?"

"Iko ndani. Anacheka miguu yako."

Wenzake walimzomea yule mwenye miguu myembamba kwa kelele nyingi, na kwa heshima ya kicheko kile wakahamishia mchezo wao upande wa pili. Baadaye walizoea. Nilimsikia mmoja akimwonya mwenzake asipige mpira kwa nguvu, atavunja dirisha la kanisa.

Ila kazi ilikwama tena, na mara hii haikuwa kwa sababu ya umbali. Mama mkubwa alikuwa akifika mbele ya kila mlango, anasimama na mzigo wake na kutoa salamu katika lugha ya kilimani, ambayo maana yake ni hii: "Muko hapa?" Kisha hasogei. Nilimwambia aendelee, nimekwisha kuandika.

"Niendelee namna gani? Hawajanijibu."

"Mama mukubwa, hii ni uwanja."

"Najua ni uwanja, siko kipofu." Alishusha bidoni, akaketi juu yake, na kunieleza kwa uvumilivu ambao watu huuweka kwa ajili ya watoto na wasomi. Kwao mtu akipita na maji husalimia kila mlango, na mlango humjibu: "Tuko. Pita na amani." Hapo ndipo anapopita. "Mulango ukinyamaza, unashusha muzigo, unaingia. Pengine mutu iko mugonjwa ndani. Pengine ameanguka. Mulango yenye imenyamaza haupite tu hivi."

Niliangalia uwanja mzima, wenye milango yote ile isiyoonekana na iliyonyamaza, nikaelewa kwamba nilikuwa namtaka mwanamke huyu akipite kijiji chake chote kama mtu asiye na adabu. Hapo ndipo nilipotoa ahadi. Kila mlango utajibu, nilisema, kwa sauti ya mwenye nyumba mwenyewe.

Majuma yaliyofuata ndiyo ninayoyakumbuka kwa uchungu mtamu kuliko yote. Tulitafuta sauti. Fundi wa mbao tulimkuta hapa hapa Bunia, akitengeneza vitanda karibu na soko. Aliingia chini ya blanketi akasema "Tuko, pita na amani" kwa sauti nzito kama anasoma tangazo la mkuu wa eneo. Rafiki yangu alimrudisha mara nyingi, mpaka akasema kama mtu mwenye usingizi anayeguswa na salamu ya alfajiri. Kisha akaja uwanjani kukagua nyumba yake, na kugomba.

"Mulango yangu haikukuwa hapa. Ilikuwa chini, kwa upande wa mugomba."

"Weye unajiongezea parsele," mama mkubwa alisema.

"Na weye unanipunguzia!"

Walibishana mpaka wakakumbuka mzee wa zamani ambaye walikuwa wakibishana naye juu ya mpaka ule ule, wakacheka, na mama mkubwa akakubali. Nikausogeza mlango. Lakini sasa ulikaribia mno ule wa jirani yake, muuza sombe, yale majani ya muhogo. Kila kituo kina duara lake, na mawingu yakitanda setilaiti hukosea hatua kidogo. Kwa hiyo mchezaji aliposimama kati ya nyumba hizo mbili, sauti zote mbili zilimjibu kwa mara moja, kila moja ikiifunika nyingine. Nilitaka kurekebisha. Mama mkubwa alisema hapana, ndivyo walivyokuwa.

Sauti nyingine zilikuja kwa simu. Moja ilitoka Mahagi, nyuma yake lori likinguruma. Nyingine ilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa katekista wa kilima, ambaye jogoo alimwingilia katikati ya neno "amani". Rafiki yangu alijiandaa kumfuta jogoo huyo.

"Achia jogoo," mama mkubwa alimwambia. "Kijiji bila jogoo ni hospitali."

Jioni baada ya jioni milango ilianza kujibu, na yeye alipita akijibiwa, shingo imenyooka, uso wake umepungua miaka. Mwishowe ulibaki mlango mmoja. Ulikuwa wa mwenzake, wa mwisho kabla ya kisima.

Tulimtafuta kwa njia zote ambazo watu kama sisi wanazo. Tuliwauliza akina mama wanaoleta samaki kutoka ziwani, tukawauliza waendesha pikipiki, na katekista akauliza kwa wenzake. Mmoja alidhani amemwona, lakini aliyoyaeleza yalikuwa ya mtu mwingine. Mwingine alisema tusihangaike, bila kusema kwa nini, na alipobanwa akakiri kwamba hajui lolote. Na chombo changu, kwa sheria yangu mwenyewe, kiliendelea kufunga njia ya kisima. Mama mkubwa alikuwa na kijiji kizima isipokuwa maji.

Rafiki yangu alinihurumia. Alimtafuta mama mmoja wa kilimani mwenye sauti ya kufanana, akamweleza shida, akamfunika blanketi. Aliniwekea sauti ile chumbani niisikilize. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kicheko kidogo mwanzoni, kwa sababu mama mkubwa alitusimulia kwamba mwenzake alikuwa akicheka kabla ya kujibu.

"Watoto hawatajua," rafiki yangu alisema.

"Yeye atajua."

"Yeye anataka kufika kisimani. Na umemwahidi."

"Nilimwahidi kwamba mlango utajibu."

"Si huu unajibu?"

Nilitamani awe na haki. Lakini nilisema kwamba kilimani kwao "tuko" haisemwi kwa uzuri wake. Mtu akisema "tuko" anatoa ushahidi kwamba yu hai, na jirani anabeba mzigo wake na kwenda zake kwa sababu ameuamini ushahidi huo. Sisi hatujui kama mama yule yu hai. Tutamshuhudiaje? Rafiki yangu aliifuta sauti ile yeye mwenyewe, akanipa simu nione imefutika.

Ilibaki njia nyingine, ya kuuondoa mlango, ili kisima kifuate nyumba iliyotangulia. Hiyo sikuifanya kabla ya kumwambia mwenye kijiji. Aliniacha nimalize maelezo yangu yote.

"Mutu akikosa kuonekana, muko munabomoa nyumba yake?"

Sikurudia tena maneno hayo.

Siku ya majaribio tulimwachia mjukuu atangulie. Mama mkubwa aliketi pembeni mwa uwanja. Mtoto alibeba bidoni yake ndogo, iliyojaa, akaingia kijijini kwao kwa mara ya kwanza tangu alipotoka akiwa mgongoni. Alisalimia kwa lugha aliyofundishwa jikoni, akijikwaa kidogo. Katekista alimjibu pamoja na jogoo wake. Fundi na muuza sombe walimjibu kwa pamoja, na watoto waliomfuata wakaanguka kwa kicheko. Akakwepa kwa bega tawi ambalo hakuwahi kuliona. Kisha akafika mlango wa mwisho.

"Muko hapa?"

Simu haikusema kitu.

Alisalimia tena, kwa sauti zaidi. Aliitikisa simu, akanitazama mimi. Ndipo, bila kuambiwa na mtu, aliushusha mzigo wake chini.

"Koko," aliita, "hapa hakuna mahali pa kuingia."

Mama mkubwa aliinuka. Alivuka uwanja polepole, akapita nyumba za watu kwa njia zao, akaja kusimama karibu naye. Vijana wa mpira walikuwa wameushika mpira wao mikononi. Sijui walielewa nini. Wawili wale walisimama mbele ya mlango usioonekana kama watu wanaosikiliza kama kuna mtu anasogea ndani. Upepo wa jioni ulileta harufu ya mkaa kutoka mitaani.

"Beba mayi yako," mama mkubwa alisema mwishowe. "Kesho tutasalimia tena."

Na akampitisha kwa mkono, wakaenda kisimani.

Nilikiandika upya chombo changu kwa kufuata nilichokiona. Sasa kina aina ya kituo ambayo sikujifunza katika darasa lolote. Tuliiita mlango unaongojewa. Mchezaji akisalimia na pasiwe na jibu, simu inamwomba ashushe mzigo wake asimame kidogo. Kisha njia inafunguka mbele yake, lakini mlango wenyewe haufungwi wala haufutwi. Nafasi ya sauti inabaki tupu, na kesho mlango utasalimiwa tena. Nilipomwonyesha mama mkubwa, nilimwambia kwamba ahadi yangu imevunjika.

"Haijavunjika," alisema. "Haijaisha."

Leo chumba chetu kimekuwa saluni ya nywele. Rafiki yangu yuko Kampala, anasomea sauti, na blanketi alimrudishia mama yake. Mimi nimebaki, nafundisha. Mama mkubwa habebi tena bidoni, magoti yamekataa. Huletewa kiti pembeni mwa uwanja, karibu na mlango wake, na mjukuu, ambaye sasa ni msichana mrefu, hubeba ile kubwa. Watoto wa mtaa wote hucheza kijiji kile, hata wale ambao wazazi wao wangeona ugumu kusalimiana na wazazi wa kilima kile. Husalimia milango kwa lugha isiyo yao, na milango huwajibu wapite na amani. Na kwa kuwa kijiji hakina anwani, kimeanza kusafiri. Nimeambiwa kimetandikwa nyuma ya kanisa moja huko Mahagi, na katika uwanja mmoja karibu na Aveba. Kila kinapotandikwa, mlango ule upo, haujajibu.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma. Huenda unamfahamu mama mmoja aliyeshika njia ya ziwani. Hucheka kidogo kabla ya kuitikia salamu, na alikuwa akichota maji kwa mtungi wa udongo hata wenzake wote walipohamia bidoni, kwa sababu alisema plastiki inaharibu ladha. Ukimkuta, usimsumbue kwa habari za simu wala za michezo. Mwambie tu kwamba mwenzake wa kisima bado anamsalimia kila jioni. Kisha mwombe ajibu.